Uwanja Wenu Una Nambari Gani?

Nenda Jumamosi saa kumi jioni kwenye uwanja wowote uliosalia Eastlands, uwe wa Umoja, Kayole, Buruburu au Dandora, usimame tu pembeni utazame. Vijana wanapiga mpira, goli ni mawe mawili. Kina mama wa chama wameketi kivulini, daftari la michango linapita mkono kwa mkono na kila mmoja anahakikisha jina lake limeandikwa sawasawa. Msichana anamfundisha mdogo wake kuendesha baiskeli ya kukodi. Wazee wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Jioni ikiingia watafika watu wa kanisa na spika yao. Hakuna aliyelipa kiingilio, wala hakuna aliyezuiwa na askari langoni akiulizwa anamtafuta nani.

Sasa msogelee mmoja wao, mzee wa drafti au mweka hazina wa chama, umwulize: uwanja huu ni wa nani? Mmoja atasema ni wa mtaa. Mwingine atasema ni wa kanjo. Wa tatu atashusha sauti akwambie alisikia kuna mheshimiwa fulani mwenye karatasi zake. Ukiuliza nambari ya ardhi, ile iliyo kwenye ramani ya mpimaji, mara nyingi watatazamana tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuijua.

Naandika wito huu kwa ajili ya swali hilo. Nafasi za kijani za Nairobi huanza kupotea miaka mingi kabla ya tingatinga kuonekana. Hupotea ndani ya faili, kwa barua ambayo jirani hakuiona na tangazo ambalo hakulisoma. Tingatinga huja kumalizia. Ndiyo maana nawasihi wakazi wenzangu wa jiji hili, na wa kila mji wa Kenya unaopanuka kwa kasi hiyohiyo, tuanze kuvilinda viwanja vyetu kwenye makaratasi, maana huko ndiko vinakoibiwa.

Njia inayotumika ni ya zamani na inajulikana. Shamba kubwa likigawanywa kuwa mtaa wa makazi, anayeligawanya hutakiwa kutenga sehemu kwa matumizi ya umma: barabara, shule, uwanja wa watoto. Sehemu hiyo huachiwa serikali iishike kwa niaba ya wakazi. Ploti za nyumba hupata hatimiliki, lakini sehemu ya umma, kwa miongo mingi, ilikaa bila karatasi yoyote. Ilidhaniwa haina haja nayo. Ni ya wote, nani ataichukua? Basi mjanja akapata pa kupenya. Mtu ofisini huchora mpango unaoonyesha kwamba kipande kile hakina matumizi. Barua ya ugavi hutoka kwa jina la mtu, au la kampuni iliyosajiliwa juzi. Mwenye barua humuuzia mwenzake, naye humuuzia wa tatu, na huyo wa tatu ndiye hujitokeza na hatimiliki inayong'aa akiapa kwamba alinunua kwa nia njema. Asubuhi moja mnaamka mnakuta uwanja umezungushiwa mabati, na juu yake kibao cha kuonya kwamba ploti hii haiuzwi.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003, ilikabidhi ripoti yake 2004 na kukadiria kwamba hatimiliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria au bila kufuata utaratibu, nyingi kati ya mwaka 1962 na 2002. Misitu iligawanywa, na mashamba ya taasisi pia, lakini kinachoniuma zaidi ninapoifikiria ripoti ile ni vile vipande vidogo: viwanja vya michezo, kingo za mito, hata maeneo ya vyoo vya umma. Msitu ukinyakuliwa, magazeti huandika. Uwanja wa robo ekari nyuma ya zahanati ukinyakuliwa, wanaojua ni watoto, na watoto hawana mahali pa kuripoti.

Kuna wanaosema haya mambo ni mazito kumshinda mwananchi wa kawaida. Kwao ningependa kurudia habari ya Uhuru Park, tena niirudie taratibu kuliko tulivyozoea kuisimulia, kwa sababu tumeibakiza kuwa hadithi ya ushujaa tukasahau kazi yenyewe ilivyofanywa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alidokezwa kwamba jengo la ghorofa 60 lingesimamishwa ndani ya bustani ile. Mradi ulikuwa wa Kenya Times Media Trust, na gazeti la Kenya Times lilikuwa la chama tawala, KANU. Alichofanya kwanza ni kuketi na kuandika barua. Aliwaandikia wenye mradi, Ofisi ya Rais, tume iliyosimamia jiji, mashirika ya Umoja wa Mataifa na ubalozi wa Uingereza, akitaka kujua kama habari ile ni kweli na nani ameidhinisha. Bungeni alikejeliwa. Shirika lake, Green Belt Movement, lilifukuzwa kwenye ofisi lililokuwa limepewa na serikali. Rais Moi naye akasema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Akaenda Mahakama Kuu, na kabla mwaka haujaisha mahakama ikaitupa kesi: hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa yeye binafsi hakuwa ameumizwa na jambo lile kuliko mtu mwingine yeyote.

Barua zake lakini zilikuwa zimekwenda mbali. Waliotarajiwa kuufadhili mradi waliingiwa na wasiwasi, na mapema mwaka 1990 jengo likapunguzwa, kisha likaachwa kabisa. Kwa hiyo Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa mbele ya umati pale pale, na tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilizinduliwa kwenye nyasi zilezile ambazo zingekuwa ukumbi wa jengo la gazeti.

Naomba msomaji aikumbuke tarehe hiyo, maana Katiba ile ililigeuza lile neno la mahakama ya 1989. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, na kinasema wazi kwamba mlalamishi hahitaji kuthibitisha kuwa yeye au mtu mwingine amepata hasara. Mama wa chama anaweza kushtaki. Mzee wa drafti anaweza. Mlango uliofungwa usoni pa Wangari Maathai sasa uko wazi kwa kila mpangaji wa chumba kimoja Kayole, na sisi tunapita mbele yake kila siku bila hata kuujaribu.

Hata yule mnunuzi wa tatu mwenye hatimiliki inayong'aa hana tena kinga aliyokuwa nayo. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ardhi ya Nyali iliyokuwa nafasi ya wazi na njia ya kufika ufuoni. Ardhi ile iligawiwa kwanza mwaka 1989, ikabadilisha mikono, ikawekwa ukuta, na mwaka 2017 kaunti ikaubomoa ukuta huo. Kampuni ilidai ilinunua kwa nia njema. Mahakama ikasema ugavi wa kwanza ukiwa haukufuata sheria, hakuna hatimiliki halali inayoweza kuzaliwa kutoka kwake, hata ipitie mikono mingapi. Nchi nzima inafungwa na uamuzi huo. Anayewaambia wakazi kwamba "mambo yalishaisha, mtu ana title" anapaswa kujibiwa kwa jina la kesi hiyo.

Kuhusu Karura nitakaa kidogo, kwa kuwa msitu ule unatufundisha mambo mawili tofauti. Ni hekta zaidi ya elfu moja, ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ikagundulika kwamba karibu nusu yake ilikuwa imegawiwa watu binafsi kwa siri. Hakuna mti uliokuwa umepiga kelele. Ramani ndiyo iliyobadilishwa. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai, pamoja na wabunge wa upinzani, wanahabari na marafiki wachache, alifika langoni kupanda mti mmoja. Genge la walinzi likawashambulia, naye akapigwa kichwani akavuja damu. Alikwenda kuripoti katika kituo cha polisi, na alipotakiwa kutia sahihi maelezo yake, alichovya kidole kwenye damu yake mwenyewe akaandikia. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani. Ilipofika tarehe 16 Agosti mwaka huo, Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugavi wa ardhi ya umma.

Hilo la kwanza kila mtu analijua. La pili halisimuliwi sana. Karura ilinusurika, lakini kwa miaka kumi baadaye wakazi waliiogopa. Ulikuwa msitu wa majambazi, wa maiti zinazotupwa usiku, mahali ambapo mama hangemruhusu mtoto kupita hata mchana. Msitu unaoogopwa hauna wa kuutetea, na mnyakuzi analijua hilo vyema. Kilichoukomboa mara ya pili ni watu kuanza kuutumia. Kundi la Marafiki wa Msitu wa Karura lilishirikiana na Huduma ya Misitu, uzio wa umeme ukawekwa, vijana kutoka vijiji vinavyopakana na msitu wakaajiriwa kuulinda na kuotesha miche, na kuanzia 2011 milango ikafunguliwa kwa umma. Leo kuna njia za kutembea za makumi ya kilomita, maporomoko ya maji, mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, na mbega walioletwa kutoka Kipipiri wakaanza kuzaana. Wanawake hukimbia humo peke yao asubuhi. Mwaka 2024 habari zilipoenea kwamba ekari zaidi ya 51 zingemegwa kwa ajili ya kupanua Barabara ya Kiambu, Green Belt Movement ilirudi mahakamani, na maelfu ya watu walikuwa na sababu ya kujali, kwa kuwa wamepita pale kwa miguu yao.

Utaniuliza sasa, na ni swali la haki: hayo ni ya Muthaiga, Runda na Gigiri. Mtu wa Mathare afaidike nini? Mji huu uligawanywa hivyo na wakoloni tangu mwanzo, Wazungu wakipewa ploti pana upande wa magharibi na kaskazini penye miti, Waafrika wakisongamanishwa mashariki. Mgawanyo huo bado tunaishi nao. Hata hivyo Eastlands haikuwa kavu kila mahali. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, nyumba zake za mawe zilipangwa kuzunguka nafasi za nyasi. Dandora yenyewe ilipopimwa miaka ya 1970, ploti zilipangwa kwa makundi yanayozunguka ua wa pamoja. Nyua nyingi ziligeuka majalala, lakini kuanzia mwaka 2013 vijana wa kikundi cha Mustard Seed, pale Dandora, walisafisha ua wao, wakapanda miti na maua, wakaweka mahali pa watoto kucheza, na mitaa jirani ikashindana nao. Kule Korogocho kikundi cha vijana, baadhi yao waliokuwa wahalifu zamani, kiligeuza ukingo wa Mto Nairobi uliojaa takataka kuwa bustani ya wananchi. Hawa hawakupewa msitu. Waliutengeneza kwa majembe na mikono. Sasa fikiria uchungu wake ikiwa kesho mtu atakuja na barua ya ugavi.

Hoja ya nyumba nayo ni nzito na sitaipuuza. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 4.4 Nairobi, na wengi wao wanalala vyumba ambavyo hata hewa haipiti. Kama kungekuwa na mnyakuzi mmoja aliyejenga nyumba nafuu kwa mama mboga, tungeketi tuzungumze naye. Lakini tazama kilichokusudiwa kujengwa: Uhuru Park ilikuwa ijengewe jumba la ofisi, Jeevanjee Gardens maegesho ya magari, Karura majumba ya kifahari. Na pale serikali inapojenga nyumba za watu wa kipato cha chini, ndipo uwanja unapohitajika zaidi. Mtu anayeishi ghorofa ya kumi na wanawe watatu katika chumba kimoja ndiye mwenye haja na nyasi kuliko mwenye bustani yake Karen. Anayepanga ghorofa bila uwanja anawaachia watoto wa ghorofa hizo ngazi na lami.

Tena kuna maji. Wakazi wa Mathare wanakumbuka mvua za Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 kote nchini. Udongo wenye nyasi na mizizi hunywa maji ya mvua. Saruji huyarudisha barabarani, nayo hutafuta mtoni, na mto uliojengewa kingo zake huingia vyumbani. Kila uwanja unaofunikwa huko juu unapeleka maji yake kwa mtu wa huko chini.

Jeevanjee Gardens, kwa jinsi ninavyoiona mimi, ndiyo mfano wa karibu zaidi na sisi. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi, aliwapa wakazi wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906. Mwaka 1991 mpango wa kuijenga ulipojulikana, aliyesimama ni mjukuu wake, Zarina Patel. Hakuwa na ofisi wala cheo. Alijua bustani ilitoka wapi, aliandika, alikusanya watu, na leo utakuta pale watu waliochoka wamelala kwenye nyasi saa saba mchana, wapiga picha wakitafuta wateja, na mabishano ya siasa yakiendelea hadi jua litue. City Park nako, alikozikwa mpigania uhuru Pio Gama Pinto, na Joseph Murumbi akazikwa karibu na rafiki yake huyo, kulimegwa vipande hadi ilipotangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa mwaka 2009.

Na kama bado kuna anayehisi yeye ni mdogo mno, awakumbuke wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road. Jumatatu, tarehe 19 Januari 2015, walirudi shuleni wakakuta ukuta umejengwa kwenye uwanja wao wa michezo. Watoto wa shule ya msingi, wenye sare zao, wakausukuma ukuta ule hadi ukaanguka, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Picha zake zilizunguka dunia. Uwanja ulirudishwa. Wengi tulishangilia tukasahau swali la msingi: kwa nini kazi ile iliachiwa watoto? Shule haikuwa na hatimiliki ya uwanja wake. Laiti watu wazima tungekuwa tumeifuatilia karatasi hiyo miaka mitano kabla, hakuna mtoto ambaye angekohoa moshi siku ile.

Basi ombi langu ni hili. Kila mtaa uchague uwanja mmoja. Msianze na mji mzima, mtachoka. Chagueni ule mnaouona kutoka dirishani, mteue watu watatu au wanne, mfungue faili. Faili ya kawaida, ya kununua dukani. Ndani yake kiwe kwanza kipande cha ramani. Ramani za upimaji hupatikana Survey of Kenya kule Ruaraka, na mpango wa ugawaji wa mtaa huulizwa ofisi ya mipango ya miji ya kaunti, City Hall. Mkishapata nambari, fanyeni upekuzi rasmi. Kwa Nairobi, tangu 2021 upekuzi hufanywa kwenye mtandao wa Ardhisasa, na kijana yeyote wa saiba anaweza kuwasaidia. Matokeo yakionyesha jina la mtu badala ya la serikali, mmejua mapema. Yakionyesha hakuna rekodi yoyote, msistarehe. Hapo ndipo hatari ilipo, na hapo ndipo mnapaswa kuiandikia kaunti na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kuomba kipande hicho kipimwe na kusajiliwa kuwa ardhi ya umma.

Ofisi ikikaa kimya, itumieni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Mnaandika barua mkitaja habari mnayoitaka, na ofisi ya umma inapaswa kuwajibu ndani ya siku 21. Hamlazimiki kueleza mnaitakia nini. Wakikataa, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Na kila barua mnayopeleka, pelekeni nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mrudi nayo. Mihuri hiyo ndiyo wakili wenu atakayoiweka mbele ya jaji.

Wekeni pia zamu ya kuangalia matangazo. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi au kuomba kibali cha ujenzi hutakiwa kuutangazia umma, kwa kawaida gazetini na kwa kibao palepale kwenye ploti, na muda wa kupinga ni mfupi, mara nyingi siku 14. Kibao kinaweza kuwekwa nyuma ya kichaka. Atakayekiona akipige picha na aitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa siku hiyohiyo, jina la gazeti na tarehe vikionekana kama ni tangazo la gazetini. Pingamizi liandikwe kwa ufupi, litaje nambari ya ardhi, matumizi ya uwanja na miaka ambayo umetumika, kisha watu wengi watie sahihi. Kama mamlaka ya mazingira, NEMA, imetoa leseni ya mradi mnaoupinga, kuna siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal). Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na ikiwa ni msitu wa umma, mjue kwamba kwa sheria ya misitu ya 2016 mipaka yake haibadilishwi kwa barua ya ofisa. Lazima ombi lipitie Bunge.

Nimesema watu wengi watie sahihi, na nalirudia kwa uzito wote. Julai 2021 Joannah Stutchbury, aliyekuwa akipinga kumegwa kwa Msitu wa Kiambu, alipigwa risasi akafa karibu na nyumbani kwake. Alijulikana kama sauti ya msitu ule, na yeyote aliyetaka kumnyamazisha angejua ni nani wa kumtafuta. Msimwachie mtu mmoja jina lake likae peke yake juu ya barua. Sahihi mia moja haziwezi kuviziwa langoni.

Wakati huohuo, tumieni uwanja. Ligi ya vijana iwe na ratiba iliyobandikwa ukutani. Kanisa na msikiti wafanye shughuli zao pale. Shule ya jirani ikimbizie watoto pale siku ya michezo. Pigeni picha zenye tarehe, mziweke kwenye faili, ili siku mtu atakapoapa mbele ya hakimu kwamba ardhi ilikuwa tupu, pawe na miaka kumi ya mechi na harusi za kumjibu. Pandeni miti, lakini ya mahali pake: mugumo, muhugu, mukinduri. Mugumo wa Waiyaki Way, wenye umri unaopita miaka mia, ulinusurika ujenzi wa barabara ya juu, Nairobi Expressway, mwaka 2020 kwa sababu watu walikuwa wakiujua na wakaulilia. Hata kipande cha Uhuru Park kilichokuwa kimetengewa barabara hiyo mwaka 2019 kiliachwa baada ya wananchi kupiga kelele mapema, wakati michoro ikingali mezani.

Mwisho ni pesa, na pesa zina kalenda. Kaunti hupeleka waraka wake wa mkakati wa fedha katika bunge la kaunti kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili. Kabla ya tarehe hizo kunafanyika vikao vya maoni ya wananchi, mara nyingi katika ukumbi ulio nusu tupu, siku ya kazi, na mwakilishi wadi hukaa mbele akisikiliza watu kumi. Muulizeni mapema kikao cha wadi yenu ni lini. Nendeni ishirini. Ombeni kitu kimoja kinachoeleweka: fedha za kuupima uwanja, kuusajili kwa jina la kaunti kwa niaba ya wakazi, na kuuwekea uzio wenye lango lisilofungwa. Semeni nambari ya ardhi kwa sauti, mwandishi wa kikao aiandike, na kabla ya kutoka hakikisheni kila mmoja wenu ametia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria.